Mimea Iliyokuja Kulala Mirongo

Nimekuwa fundi wa friji hapa Mirongo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa muda wote huo sikuwahi kuombwa kupoza kitu kilicho hai. Baridi niliyoijua mimi ilikuwa ya vitu vilivyokwisha kufa: sato na sangara, nyama ya bucha, maziwa, soda. Niliwahi hata kuitwa hospitali kutengeneza chumba cha maiti. Nilifanya kazi siku mbili nikiwa nimeupa mgongo ule upande wenye droo, huku mhudumu wa pale akinisimulia habari za mpira kana kwamba tuko kijiweni. Kwa hiyo mama mmoja aliponiuliza kama naweza kutengeneza friji isiyopoza sana, nilidhani anauza juisi.

Alikuwa mama mrefu, mwenye mvi zilizosukwa vizuri, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Alisimama nje ya banda langu, katikati ya friji mbili nilizokuwa nimezifungua, akanisubiri nimalize kuchomelea mrija. Nilipozima moto nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Nataka friji ambayo haishuki chini ya nyuzi mbili na haipandi juu ya nane. Usiku na mchana, miezi mitatu. Inawezekana?"

Wateja wangu hawasemi hivyo. Wateja wangu husema friji haipozi, au inapiga kelele, au inapiga watu shoti. Nilifuta mikono nikamtazama vizuri.

"Inawezekana. Ni ya kuwekea nini, mama?"

"Mimea."

"Mboga?"

"Siyo mboga. Mimea. Inatakiwa kulala."

Nilicheka. Sikucheka kwa dharau, ila nilicheka, na yeye hakukasirika. Alivuta kigoda changu akakaa, akasubiri kicheko kiishe, kama mtu aliyezoea kuchekwa na watoto arobaini kwa mpigo kisha akawafundisha hao hao. Na kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa amefundisha biolojia sekondari hapa hapa Mwanza mpaka akastaafu. Tangu siku ile nikawa namwita Mwalimu.

Aliniambia kwamba kila mwaka, kwa miaka yote ya kufundisha, lilikuwepo somo moja lililomtia aibu kidogo. Ni somo la mimea inayokula wadudu. Alichora ubaoni jani lililojikunja kama tarumbeta, akaonyesha kwa mshale mahali nzi anapoingia, akaandika jina, wanafunzi wakanakili. Na yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuuona mmea huo hata siku moja. Aliuchora kutoka kitabuni, na aliyechora kitabuni labda naye aliuchora kutoka kitabu kingine.

Kisha binti mmoja aliyewahi kumfundisha akaenda kusoma kilimo nchi ya baridi, akabaki huko kufanya kazi kwenye bustani ya mimea. Alipokuja likizo alimletea mwalimu wake zawadi: mimea yenyewe, imefungwa vizuri, pamoja na udongo wake wa kinamasi na karatasi zake zote za ukaguzi.

"Ninayo miwili," Mwalimu akasema. "Na ina miaka miwili haijalala. Njoo uione, halafu ndiyo ucheke."

Nilikwenda Jumamosi yake. Nyumba yao iko Isamilo, juu kwenye mawe, pale ambapo ukuta wa jiko ni jiwe lenyewe na mwenye nyumba amejenga kuta tatu tu zilizobaki. Alikaa na mdogo wake, mjane aliyekuwa muuguzi, mfupi na mwepesi wa maneno. Mimea ilikuwa nje, juani kabisa, vyungu viwili ndani ya beseni lenye maji.

Nikiri kwamba nilitegemea kitu cha kutisha. Nikaona majani. Yalisimama kama kiganja na nusu urefu wake, membamba chini na mapana juu, kila jani likiwa mrija mtupu wenye mdomo wazi na kifuniko kidogo kama cha birika. Mishipa myekundu ilipita juu ya rangi ya kijani. Mwalimu aliniambia nichungulie ndani. Wiki ile wadudu wa ziwani walikuwa wameinuka, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi kisha upepo ukawaleta mjini wakajaa kwenye taa na kwenye mboga. Mirija ilikuwa imejaa mpaka karibu na mdomo. Ilitoa harufu ya dagaa waliolowa mvua.

"Inashiba kuliko sisi," mdogo wake akasema kutoka mlangoni.

"Inashiba, lakini tazama," Mwalimu akasema. Alinionyesha majani ya zamani, makubwa, yaliyokauka, aliyokuwa ameyahifadhi ndani ya gazeti. Yalikuwa marefu mara mbili ya yale mabichi. Kila jani jipya lilikuwa linatoka dogo kuliko lililotangulia, na ya mwisho yalikuwa yamepinda, hayafunguki mdomo.

Akanieleza, na nitajaribu kueleza kama yeye. Huko kwao mimea hii huishi kwenye vinamasi. Mwaka unapoelekea mwisho, siku zinakuwa fupi, jua linachelewa kutoka na kuwahi kuzama, baridi inaingia polepole. Mmea ukiona hivyo unajua. Unaacha kutoa majani, yaliyopo yanakauka, na uhai wote unarudi chini kwenye shina nene lililolala ndani ya udongo kama tangawizi. Hapo unakaa miezi mitatu, minne, hata theluji ikiwa juu yake. Siku zikirefuka na joto likirudi, unaamka, kwanza na ua, kisha na majani.

"Sasa hapa Mwanza," akasema, akaonyesha kwa mkono wote, ziwa na mawe na mabati ya mji. "Jua linatoka saa kumi na mbili na nusu, linazama saa kumi na mbili na nusu. Juni hivyo, Desemba hivyo. Joto ni hili hili. Nani ataiambia kwamba ni wakati wa kulala? Inaendelea kufanya kazi tu. Mwaka wa kwanza inavumilia. Wa pili inadhoofika. Wa tatu inakufa, na majirani watasema nimeinyima chakula."

Nilitazama vile vyungu, na kicheko changu cha Mirongo kikanirudia nikaona haya. Nikasema friji nitaitengeneza.

Tulitaka kutumia ya kwao, iliyokuwa jikoni. Niliifungua nikaanza kukagua raba ya mlango. Mdogo wake alisimama nyuma yangu.

"Fundi, unataka kuweka wapi hayo madudu?"

"Rafu ya chini, mama."

"Chini ya maziwa yangu?"

"Hayatakuwa na wadudu," Mwalimu akasema. "Nitakata majani yote. Nitaosha mizizi. Nitaweka unga wa salfa yasiote ukungu. Yatakuwa ndani ya kopo lenye mfuniko."

"Dada, mimi nimefanya kazi wodini miaka thelathini. Kitu kinachokula nyama hakikai na maziwa. Hata kikiwa kimelala. Hasa kikiwa kimelala."

Mwalimu aliufunga mlango wa friji, na nikaona ndani ya nyumba ile nani alikuwa na sauti jikoni. Ndipo nikakumbuka kwamba bandani kwangu ipo friji ya soda ya mlango wa kioo, ambayo mwenye duka aliniachia kwa vipuri alipohama mji. Kompresa yake ilikuwa nzima, kilichokosekana ni themostati tu, kile kifaa kinachoikatisha friji ikishapoa vya kutosha. Nikasema mimea ije kulala kwangu.

Mwalimu alichagua mwezi Juni. Sababu yake ilikuwa ya akili: kiangazi kinaanza, usiku unapoa kidogo, na zaidi ya yote maji ya mvua yanaisha. Mimea ile haitaki maji ya bomba wala ya ziwa, kwa sababu yana chumvichumvi inayounguza mizizi. Ni maji ya mvua tu. Mapipa yake mawili hayafiki Oktoba. Bora ilale wakati ambao isingekuwa na cha kunywa. Yule binti wa nchi ya baridi alikuwa amemwambia kwamba mwezi si hoja, hoja ni baridi yenyewe na urefu wake.

Alikuja na mimea ikiwa ndani ya makopo mawili ya plastiki, imekatwa majani, imezungushiwa majani mengine laini ya kinamasi yaliyoloweshwa na kukamuliwa. Kama usingejua ungedhani ni vipande viwili vya tangawizi vimefungwa kwa pamba ya kahawia. Aliweka kipimajoto ndani, akining'iniza mahali panapoonekana kupitia kioo, kisha akanipa daftari jipya la shule.

"Asubuhi na jioni, andika nyuzi. Utaweza?"

"Nitaweza, Mwalimu."

Lazima niseme kosa langu lilianzia wapi. Dukani zilikuwepo themostati mpya. Mimi nilichukua ya zamani, niliyoitoa kwenye friji nyingine, kwa sababu nilijiamini. Niliirekebisha kwa mkono na kwa sikio: inakata, inawasha, inakata. Nikaisikiliza saa mbili nikaridhika. Kazi ya namna ile inatakiwa ujaribu siku mbili kabla hujaweka kitu ndani. Najua hivyo. Nimewaambia wengine hivyo.

Wiki tano za kwanza zilikwenda vizuri. Nyuzi nne asubuhi, tano jioni, nne asubuhi. Umeme ulipokatika nilikuwa na chupa za maji yaliyoganda, nazifunga magazeti naziweka juu ya rafu. Kila Jumamosi Mwalimu alishuka kutoka Isamilo, akavaa miwani, akasoma kipimajoto, akasoma daftari. Kisha alikaa kwenye kigoda tukaongea. Alijua mambo mengi lakini hakuyamwaga. Aliniuliza mimi: gesi inaendaje, joto linalotolewa ndani linakwenda wapi, kwa nini nyuma ya friji kuna moto na ndani kuna baridi. Nilimweleza kwa kuchora vumbini kwa bisibisi. Sikuwahi kumchorea mtu. Mimi niliishia kidato cha pili baba alipofariki, na sikuwahi kufikiri kwamba ninachokijua ni somo.

Mwezi Julai nikaitwa Misungwi kutengeneza tangi la kupozea maziwa. Nilitegemea siku moja, nikakaa tatu. Niliporudi, kabla sijafungua kufuli nilisikia sauti. Kompresa inayofanya kazi mfululizo ina mlio wake, mzito, kama mtu anayepandisha mawe. Niliweka mkono nyuma, nikauondoa haraka. Themostati ilikuwa imegoma kukata. Friji ilikuwa imepoza tangu nilipoondoka bila kupumzika, na bati la nyuma lilikuwa limevaa barafu nene kama ngumi.

Kopo la mbele, lililokuwa juu karibu na mlango na kuzungushiwa magazeti, lilikuwa na baridi kali lakini laini. Kopo la nyuma lilikuwa limegandamana na bati. Nililing'oa kwa kisu. Ndani kila kitu kilikuwa jiwe.

Nilikaa chini. Niliwaza nianze na lipi, nikaanza na ambalo fundi yeyote angeanza nalo: nikanunua themostati mpya, nikaifunga, nikaijaribu. Kopo nikaliacha liyeyuke polepole kivulini. Yale majani ya kinamasi yalirudi kuwa laini, nami nikasema moyoni kwamba labda hakuna kilichotokea. Nikalirudisha mahali pake. Kisha nikafungua daftari. Palikuwa na mistari mitatu mitupu. Nikaandika: nne, tano. Nne, tano. Tano, tano.

Jumamosi Mwalimu alikuja.

"Wanaendeleaje wageni wetu?"

"Wamelala, Mwalimu."

Alisoma kipimajoto, akasoma daftari, akapitisha kidole kwenye mistari yangu. "Una mwandiko mzuri sana," akasema. "Umenyooka. Nilikuwa na wanafunzi wa kidato cha sita wasioandika hivi."

Hakuna aliyewahi kuusifia mwandiko wangu tangu nilipoacha shule, na yeye alisifia ile mistari ya uongo.

Nilivumilia Jumamosi tatu. Kila mara alikaa kwenye kigoda, kila mara alinifurahia zaidi, na mimi kila mara nilizidi kujishughulisha na kazi zisizo na haraka. Siku moja mke wangu aliniuliza kwa nini nakula kama mtu anayesubiri kuitwa polisi. Nikamweleza. Alidhani nimepoteza kitu kikubwa. Aliposikia ni mmea alitaka kucheka, kisha aliposikia habari za daftari hakucheka.

"Mmea ni bahati mbaya," akasema. "Hizo namba umeziandika wewe. Nenda kamwambie kabla hajafungua mwenyewe."

Nilipanda Isamilo Jumapili mchana, watu wakiwa wametoka kanisani. Nilibeba lile kopo ndani ya kikapu. Niliwakuta wote wawili kivulini pa jiwe, mdogo wake akichambua mchele, Mwalimu akisoma gazeti la zamani.

"Shikamooni."

"Marahaba. Fundi, mbona huku? Kuna nini?"

"Nimekuja kusema, Mwalimu. Nimeharibu."

Nilisema yote nikiwa nimesimama. Themostati ya zamani, Misungwi, siku tatu, barafu. Na daftari. Nilipofika kwenye daftari nilisema nikitazama kikapu, mtu mzima mwenye wajukuu, kama nimekamatwa na kibomu, kile kikaratasi cha majibu, kwenye chumba cha mtihani. Mdogo wake aliacha kuchambua mchele. Mwalimu alichukua kikapu, akafungua kopo, akafunua yale majani laini kwa vidole viwili. Shina lilikuwa limelegea. Lilikuwa na rangi ya mboga iliyochemshwa jana.

Sikujua kama nikae au niondoke.

"Fundi aliyekuja mwenyewe kwa miguu kusema ameharibu," mdogo wake akasema hatimaye. "Dada, mpe kiti. Hatutamwona mwingine."

Mwalimu akacheka kidogo, kicheko cha puani. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Ilikuwa mitatu."

"Nini, Mwalimu?"

"Mimea. Yule binti aliniletea mitatu. Wa kwanza niliuua mwenyewe, mwezi wa pili tu. Aliniambia maji ya mvua, na pipa lilikuwa tupu, nikasema maji ya bomba ya wiki moja yatadhuru nini. Tena nikaona udongo wake hauna kitu, nikauhurumia, nikauwekea samadi kidogo." Alifunika kopo. "Akipiga simu huniuliza, mwalimu, hawajambo? Namwambia hawajambo, wote watatu. Mwaka wa pili sasa. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kunakili majibu."

"Na mimi nimekaa humu humu sikujua!" mdogo wake akasema.

"Ungeniambia nisiweke samadi."

"Ningekuambia."

Alitoa simu yake palepale akampigia yule binti, akaweka sauti ya nje ili nisikie. Kwa wenzetu huko ilikuwa mchana vilevile. Ilisikika sauti changamfu ya mwanamke, Kiswahili chake bado cha Mwanza kabisa.

"Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Nisikilize, usinikatize." Akamwambia yote mawili, la kwake kwanza, langu baadaye, na la kwangu akalisema kwa upole kuliko nilivyolisema mimi. "Nipo na fundi hapa," akamalizia. "Anaona haya kama mimi."

Kisha yule binti akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, mimi hapa kazini nimeua mingi sana. Mwaka wa kwanza niliua safu nzima. Sikukuambia kwa sababu niliogopa utasema nilikuwa sisikilizi darasani."

Mwalimu alivua miwani akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Binti aliniuliza maswali kama daktari. Uligandia kwenye udongo au nje ya udongo? Siku ngapi? Uliyeyuka haraka au polepole? Akasema kwamba huko kwao mimea hii huganda kinamasini na huamka salama, lakini iko ndani ya udongo mzito unaoganda taratibu, mizizi yote chini. Ndani ya kopo dogo, kugandamana na bati, ni jambo jingine. "Lakini msiutupe. Kateni shina kidogo kidogo kuanzia nyuma. Pakiwa kahawia pamekufa. Mkifika kwenye nyeupe, ngumu kama kiazi, hapo pana uhai."

Mdogo wake alikwenda ndani akaleta kisu kidogo alichokichemsha kwanza, na ni yeye aliyekata, kwa sababu dada yake alikuwa ameshika simu na mikono yangu ilikuwa haina ruhusa. Kahawia. Kahawia. Kahawia. Mwishoni kabisa, kwenye kichwa cha shina, ilibaki sehemu nyeupe kama punje ya karanga. Tukaitazama wote watatu.

"Hiyo," akasema mdogo wake, akaifunga yeye mwenyewe.

Sitaficha matokeo. Ile punje ilipandwa, ikakaa kijani kwa wiki nne hivi, kisha ikaoza. Mwalimu aliizika chini ya mpapai bila maneno mengi. Mimi niliumia kuliko nilivyotegemea kuumia kwa kitu kidogo kuliko kidole.

Ule wa mbele, uliolala vizuri, tuliutoa mwishoni mwa Septemba. Hatukuuweka juani mara moja. Mwalimu aliuzoesha kwanza kivulini, siku chache, kisha jua la asubuhi, kisha jua lote. Niliendelea kupanda Isamilo ingawa sikuwa na kazi tena huko. Kila nikifika nakuta hakuna kitu, shina tu ndani ya chungu, na mdogo wake ameinama juu yake na kikombe cha maji ya mvua, yule aliyesema kitu hicho hakikai na maziwa. Wiki ya tatu aliniita nikiwa bado chini kwenye ngazi za mawe. "Fundi, kimbia!"

Katikati ya shina palikuwa pametoka kichwa chekundu, kidogo kama cha njiti ya kibiriti, kimeinama. Hakikuwa jani. Kilipanda siku hadi siku juu ya kijiti kirefu kitupu, kikafunguka kikiwa kimeangalia chini, kama mwavuli uliogeuzwa, na petali nyekundu zikining'inia pembeni. Katika miaka miwili ya kutolala haukuwahi kutoa ua hata moja. Majani yakafuata, mirija minene, na la kwanza lilipita urefu wa yote yaliyohifadhiwa gazetini.

Mwezi Novemba Mwalimu aliomba nafasi kwenye shule aliyokuwa akifundisha, akapewa kipindi kimoja cha kidato cha tatu. Mimi nilibeba chungu. Nilitaka kukiweka mezani niondoke, lakini aliniambia nikae, nikakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yakigonga mbao. Alisimama mbele ya darasa na ile miwani yake, hakuchora chochote ubaoni. Aliwaita safu kwa safu waje wachungulie. Msichana mmoja aliruka nyuma aliposikia kitu kinakwaruza ndani ya mrija. Alikuwa nyigu aliyekwisha kuingia. Darasa lilicheka, wakagombea kuona.

Aliwaeleza habari za majira na usingizi. Mvulana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, kama chakula unapata na maji unapata, kwa nini usipolala ufe?"

Mwalimu alifikiri. "Ndani yake kuna utaratibu wa mwaka, uliojengeka huko kwao kwa muda mrefu sana. Hata ukiushibisha, huo utaratibu unabaki unasubiri. Zaidi ya hapo sina uhakika, na sitakudanganya. Ukienda chuo utafute."

Msichana aliyekuwa karibu na dirisha akauliza: "Sasa hapa kwetu umeme unakatika kila mara. Mliwezaje kuutunzia baridi miezi mitatu?"

Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea kwangu. "Hilo aulizwe mtaalamu. Fundi, simama uwaeleze."

Watoto wote waligeuka. Nilisimama. Nikaanza na chupa za maji yaliyoganda, jinsi zinavyofungwa magazeti ili zisigandishe kilicho jirani, na kwa nini friji isifunguliwe umeme ukiwa haupo. Nikawaambia baridi haiingii ndani ya friji. Ni joto linalotolewa nje. Nikaona nyuso hazijaelewa, nikaenda ubaoni, nikachukua chaki, nikachora kompresa, nikachora mirija, nikaweka mishale. Nikawaambia pia wapime themostati siku mbili kabla ya kuiamini, na kwamba mimi sikufanya hivyo, na mmea mmoja ukafa. Sikueleza zaidi. Mwalimu alikuwa ameegemea dirisha, amekunja mikono, anatazama mchoro wangu.

Nilipogeuka nirudi dawatini, nilisikia sauti ya kurasa zikifunguliwa. Walikuwa wameinamisha vichwa, darasa zima, wananakili.

"Mwalimu," mvulana wa mbele akaniuliza, mimi, "huu mshale wa juu unaelekea kulia au kushoto?"

"Kulia," nikasema. "Kulia, mwanangu. Unaelekea nje."